Nusu Saa ya Usoke

Jumatatu, 1 Julai

Asubuhi nimewafungulia watu tena. Watatu wamesahau nywila, wawili wamejifungia nje kwa kubahatisha. Chai imepoa mezani nikiwa na simu sikioni. Ndiyo kazi yangu hapa hospitalini: watu wanashindwa kuingia kwenye kompyuta, mimi nawaingiza.

Barua pepe nyingine kutoka kampuni iliyotengeneza programu yetu ya kuingilia. Maneno yale yale. Tarehe 31 Julai ndiyo mwisho wake. Baada ya hapo hawatairekebisha ikiharibika, hawataziba tundu likionekana, na mtambo wao unaotutumia zile namba sita kwenye simu utazimwa. Bila namba sita hakuna anayefungua kumbukumbu za mgonjwa. Si hapa Tabora mjini, si kwenye zahanati zetu za Kwihara, Usoke na Igunga.

Walituambia tangu mwaka juzi. Nikampelekea Mkurugenzi taarifa mwaka juzi. Nikampelekea na mwaka jana. Jibu lilikuwa moja tu: si bado inafanya kazi? Ndiyo, inafanya kazi. Hata mtu mwenye presha hutembea vizuri tu mpaka siku anayoanguka sokoni.

Sasa nina mwezi mmoja. Programu mpya ipo, nimeijaribu, ni nzuri. Mkurugenzi amesema nikimaliza salama nitahamia Igunga mwezi wa nane. Mke wangu, Mama Imani, anafundisha huko, yuko na mtoto, mimi niko hapa kwenye chumba cha kupanga na sahani moja. Miaka sasa. Nitaimaliza hii kazi hata kwa kutambaa.

Nimechoka kabla sijaanza.

Jumatano, 3 Julai

Nahamisha hospitali idara kwa idara. Programu ya zamani ilikuwa inatuma namba kwa ujumbe kutoka huko mbali. Mpya haitumi kitu. Simu yenyewe inatunga namba, inakaa nayo kidogo, inaitupa, inatunga nyingine. Mtandao ukisumbua, namba bado unayo. Nimeeleza hayo leo mpaka maneno yamekosa ladha mdomoni.

Daktari wa zamu akaniuliza: kama simu inajitungia tu, kompyuta inajuaje kuwa namba ni ya kweli? Swali zuri. Nikamwambia ni hesabu. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Jumamosi, 6 Julai

Kwihara. Wageni huja huku kuangalia tembe, nyumba ya udongo alimokaa yule mzungu mvumbuzi wa zamani. Mimi nimekuja kuangalia simu, na simu haikuwepo. Zahanati nzima ina simu moja ya namba, na karani ameondoka nayo kwenda harusini kwa sababu inapiga picha nzuri.

Nikasubiri kwenye benchi la wagonjwa. Mama mmoja akanisogezea mtoto wake nimpakate, akidhani nimekuja kliniki na mke wangu. Nikampakata. Karani alirudi mchana na pilau kwenye bakuli lililofunikwa. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli. Pilau nikala.

Kwihara imekwisha.

Jumatatu, 8 Julai

Kikao. Mkurugenzi amekumbuka tarehe, sasa ana haraka kuliko mimi. Amri imetoka: zahanati ambayo haitakuwa imehamia programu mpya ifikapo tarehe 31, kompyuta yake inarudishwa mjini. Wagonjwa wake wa kudumu, wa sukari, wa kifua kikuu, wa selimundu, watafuata dawa Tabora.

Nikasema Usoke kuna watu wanaotembea kutoka mashamba ya tumbaku kufika tu zahanati. Ukiwaambia wafuate dawa Tabora hawatakuja, watakaa nyumbani na ugonjwa wao. Akasema basi nihakikishe Usoke inahama. Akafunga faili.

Kwa hiyo ni juu yangu. Miaka miwili ya kupuuza imekuwa yangu mimi.

Jumapili, 14 Julai

Igunga ilikwisha Ijumaa, bila shida. Nimebaki huku Jumamosi na leo. Mama Imani amepika wali wa mchele wa hapa hapa na samaki. Nimelala mchana hadi shavu likapata alama za mkeka.

Imani aliniuliza kama kesho nitakuwepo. Nikasema hapana. Hakulia. Amezoea. Hilo ndilo linaniuma.

Naandika stendi, basi la Tabora halijajaa.

Jumanne, 16 Julai

Imebaki Usoke tu. Na Usoke imegoma.

Muuguzi mkuu wa kule ni Bi Nyamizi, mama wa makamo, karibu kustaafu. Ndiye anayezalisha, ndiye anayechoma sindano, ndiye anayeandika kwenye kompyuta. Nilimwekea programu mpya kwenye simu ya zahanati alipokuja mjini kuchukua dawa. Nikamfundisha, ingawa hatukuijaribu kwenye kompyuta. Aliielewa upesi kuliko baadhi ya madaktari. Amerudi Usoke, kila namba anayoingiza inakataliwa. Kila moja.

Tumekaa kwenye simu asubuhi nzima. Ananisomea namba, mimi namwambia aingize, kompyuta inakataa. Nyuma nasikia watoto wanakohoa. Kwa sasa anaingia kwa programu ya zamani, lakini hiyo ina siku zake.

Mwisho nikamwambia labda anakosea kubonyeza. Akasema yeye hupima dawa za vichanga kwa vidole hivyo hivyo.

Nilistahili.

Alhamisi, 18 Julai

Usoke bado. Nimefuta usajili wa simu ile huku kwangu, nimeuweka upya. Bado. Mkurugenzi ameuliza mara mbili. Mama Imani ameuliza kama aanze kutafuta nyumba yenye vyumba viwili. Nikasema atafute.

Jumamosi, 20 Julai

Nimekwenda mwenyewe. Basi la alfajiri, upepo wa baridi, vumbi la tumbaku linalokaba koo. Kutoka barabara ya lami hadi zahanati ni mwendo wa kutosha. Kina mama wawili waliotangulia mbele yangu walikuwa wakitembea polepole, mmoja ameshika kiuno.

Bi Nyamizi alikuwa chumba cha kujifungulia. Nikatoa shikamoo mlangoni, akaitika marahaba kutoka ndani, akasema niendelee tu, simu iko mezani.

Nikaishika. Nikaona. Saa ya simu iko mbele nusu saa nzima. Mtu ameizuia isichukue saa ya mtandao, akaisogeza kwa mkono.

Basi ndiyo hiyo. Programu mpya inatunga namba kwa kufuata saa. Saa ya simu na saa ya kompyuta zisipokubaliana, namba hazikubaliani. Ile ya zamani haikujali saa, ilikuwa inatuma namba tu. Jambo la kwanza la kuangalia, mimi nimeliangalia la mwisho. Na nilimwambia yule mama hajui kubonyeza.

Nikairudisha kwenye saa ya mtandao. Nikaingiza namba. Ikakubali. Nilitaka kucheka.

Bi Nyamizi alitoka akijifuta mikono, mtoto wa kiume analia huko ndani. Akauliza ilikuwa nini. Nikasema mipangilio tu, mama, sasa iko sawa. Akashukuru, akaniagizia uji. Nikanywa nusu, nikakimbilia pikipiki iliyokuwa inakwenda barabarani. Ningeweza kumwuliza kwa nini saa ilikuwa mbele. Wakati ule niliona ni mambo ya kizamani tu, kama watu wanaofunga redio kwa mpira.

Zahanati zote zimehama. Nimelipata basi kwa dakika chache. Nitahamia Igunga!

Jumapili, 21 Julai

Nimelala. Nimefua. Nimelala tena.

Jumatano, 24 Julai

Bi Nyamizi amepiga simu ofisini asubuhi, hakunitafuta mimi, alitafuta wodi ya watoto. Anauliza kama Kabula amefika.

Kabula ni mtoto wa miaka sita, ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Anakaa na bibi yake mashambani nje ya Usoke. Jana baridi ilimpata, damu ikashuka, macho manjano, anahema. Anahitaji kuongezewa damu, na damu iko mjini. Gari la wagonjwa la wilaya lilikuwa limempeleka mjamzito. Njia iliyobaki ni basi la mwisho la jioni, linalopita barabarani kuja Tabora.

Walilikosa. Bibi alimbeba mgongoni, akafika barabarani akaona vumbi lake tu. Wamekaa pale kando ya lami na giza linaingia mpaka lori lililobeba marobota ya tumbaku likawahurumia.

Yuko wodini. Wamemwongeza damu. Hajafumbua macho vizuri.

Nimesikia habari hiyo kama ninavyosikia za wagonjwa wote. Nikasikitika. Nikaenda kula.

Alhamisi, 25 Julai

Leo Bi Nyamizi amenitafuta mimi.

Hakupaza sauti. Alisema amekaa na jambo hili siku mbili, akilihesabu. Miaka yote saa ya simu ile yeye ndiye aliyeiweka mbele. Ni saa pekee ya zahanati, ya ukutani ilishakufa. Watu wa kwao, alisema, ukiwaambia basi linapita saa kumi na moja na nusu, saa kumi na moja na nusu ndiyo kwanza wanatafuta viatu. Na kutoka zahanati hadi barabarani, mgonjwa hatembei kama mzima. Kwa hiyo simu ikisema saa kumi na moja na nusu, wa basi wanaondoka, na wanalikuta. Kijiji kizima kinajua. Wanaiita saa ya zahanati. Hakuna mgonjwa wake aliyewahi kulala barabarani.

Juzi simu ikasema saa kumi na moja na nusu. Akamchomoa Kabula dripu, akamfunga mgongoni kwa bibi yake, akawaambia waende taratibu, muda upo.

Akasema, "Mwanangu, ungeniuliza."

Ni hayo tu. Akakata kwa sababu kuna mtu alikuwa anamwita.

Nimekaa. Sijafanya kazi yoyote mchana huu. Uji ule aliniagizia yeye, na mimi nikaacha nusu kwa sababu ya haraka. Ningemaliza ule uji tu, ningeuliza.

Baadaye

Daktari wa zamu amenikuta kwenye ukumbi, akanipiga begani. Anasema juzi Kabula alipofika yeye ndiye aliyempokea. Bibi hawezi kueleza kitu, Kiswahili chake ni kidogo. Lakini kumbukumbu zilifunguka papo hapo, na maelezo aliyoyaandika Bi Nyamizi jioni ile yalikuwemo, pamoja na yale ya mwaka jana kwamba damu aliyoongezewa mara ya kwanza ilimsumbua vibaya. Wakajua damu ya kumpa. Mwezi uliopita, anasema, angekuwa anasubiri ujumbe wa namba huku mtoto anaondoka. Akanishukuru. Akasema mfumo wangu umemwokoa mtoto.

Nikasema asante.

Ijumaa, 26 Julai

Kabula amefumbua macho, amekunywa maziwa. Nilipita mlangoni mwa wodi. Bibi yake amekaa chini kando ya kitanda ingawa kiti kipo. Sikuingia.

Nimekwenda kwa Mkurugenzi, nimemweleza yote. Saa, simu, basi, mtoto. Nilisema ni mimi niliyeigusa bila kuuliza. Nilitegemea anifokee. Pengine nilitaka anifokee.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hilo ni la zahanati, si la mfumo. Kwenye mfumo hatukuwa na tatizo." Akaongeza kuwa taarifa ya kuhama imeshaenda kwa wafadhili, na iko safi.

Kwa hiyo hakuna mahali pa kuliweka. Hakuna anayelitaka. Nimetoka na barua ya uhamisho mkononi, imesainiwa.

Jumapili, 28 Julai

Mama Imani amepata nyumba ya vyumba viwili, ina kisima. Sauti yake kwenye simu ilikuwa changa. Nikafurahi naye. Sikumwambia.

Jumatano, 31 Julai

Siku ya mwisho ya programu ya zamani. Nimeingia mara ya mwisho, nikangoja ujumbe wa namba, ukachelewa kama kawaida yake, ukaja. Nikafuta akaunti za watu mmoja mmoja. Waliostaafu. Aliyefariki mwaka jana, ambaye hakuna aliyekumbuka kumfuta. Yangu mwisho.

Kisha nikazima. Hakuna aliyejua. Kwenye ukumbi watu walikuwa wanaendelea kuingia kwa namba mpya na kulalamika kuhusu chai.

Kabula ameruhusiwa leo. Niliwaona kupitia dirishani wakienda stendi, anatembea mwenyewe, bibi amebeba kifurushi kichwani.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimenunua saa ya ukutani kwenye duka la Mhindi karibu na soko. Kubwa, ya betri, namba zinasomeka kutoka mbali. Mzee wa dukani akaanza kuirekebisha ifuate ya kwake. Nikamwambia aiache, mwenye nayo ataiweka mwenyewe. Akaniangalia, akaifunga kwenye gazeti.

Jumamosi, 3 Agosti

Usoke, mara ya mwisho kabla ya kuhama. Nikatoa shikamoo, Bi Nyamizi akaitika. Nikamkabidhi saa. Akaifungua, akaitazama, akaisawazisha na ya simu, kisha akaisogeza mbele nusu saa, akaniomba nigonge msumari. Nikagonga. Simu imebaki na saa ya mtandao, kwa ajili ya namba. Ukutani ipo ya watu.

Bibi yake Kabula alikuwa amekuja na mtoto kuchukua dawa. Alikuwa ameambiwa na mtu wa hospitalini kuwa mimi ndiye mtu wa kompyuta. Akanyanyuka kwenye benchi, akapiga goti, akanishika mikono yote miwili. Akazungumza Kinyamwezi kwa muda mrefu. Kinyamwezi changu kinaishia kwenye salamu ya mwangaluka. Mimi ni mtu wa Songea. Bi Nyamizi akatafsiri: anasema Mungu akuzidishie, kompyuta yako ilimjua mjukuu wake. Kisha bibi akanipa kifuko cha matobolwa, viazi vitamu alivyovikausha mwenyewe.

Sikuweza kuyapokea hivi hivi. Nikamwomba Bi Nyamizi amwambie kwamba simu ile niliigusa mimi. Kwamba walilikosa basi kwa sababu yangu. Kwamba naomba radhi. Nilisema polepole, neno kwa neno.

Bi Nyamizi aliniangalia. Akamgeukia bibi, akasema maneno machache tu. Machache mno. Bibi akatabasamu, akanipiga kidogo mkononi, akamchukua mtoto wakatoka. Kabula aligeuka mlangoni kutazama saa mpya.

Nikamwuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia unamwombea mtoto," akasema. "Ataendelea kuja kwangu kila mwezi, na akiumwa atakwenda mjini. Nikimwambia lile jingine ataogopa kote kuwili, hatakuja tena. Hilo libebe wewe. Na mimi nalibeba, nilikuwa na saa yangu ndogo kwenye mkoba, sikuiangalia."

Akaingia ndani kuendelea na foleni. Nilipotazama ukutani ilikuwa wakati wa kuondoka, nikaondoka. Nililisubiri basi barabarani muda mrefu, pamoja na wengine waliotoka zahanati.

Jumapili, 4 Agosti

Igunga. Vitu vyangu vyote vimeingia kwenye begi moja na ndoo. Imani ameniuliza kama kesho nitakuwepo. Nimesema ndiyo. Akaenda kucheza, hata hakukaa kulifurahia. Atazoea na hili.

Mama Imani amekuta kile kifuko akipanga vitu jikoni. Akatafuna tobolwa moja, akasifu. Akauliza nimepewa na nani. Nikasema na bibi mmoja wa Usoke, mjukuu wake alikuwa anaumwa.

Akauliza nimemfanyia nini yule bibi hata anipe.

Nilikuwa na majibu mawili, na yote ni ya kweli. La kwanza, lile la kompyuta, ni rahisi, watu wote wamelipenda. Nilikuwa hoi, ningeweza kusema nimechoka, tutaongea kesho, na angenielewa, maana ndivyo nilivyomjibu miaka yote hii kwenye simu.

Nikavuta kigoda. Nikamwambia akae. Nikaanza na la pili.